Gemu ya historia ndani ya Kilwa Kisiwani ya mwaka 1331: mwongozo kamili kuanzia daftari mpaka kwenye simu

Kila mtu anayejifunza kutengeneza magemu hapa kwetu kuna siku anasema nataka nifanye gemu ya historia yetu, af anafungua laptopu anachora ukuta wa mawe uliobomoka, anaweka mnazi pembeni, anamsimamisha mzee mwenye kanzu anauliza swali la karne, ukipatia unapewa nyota tatu. Hiyo siyo gemu ndugu yangu, huo ni mtihani umevalishwa kanzu. Mi mwenyewe nlianza hivo hivo kwahiyo sikucheki, na watoto wa kwanza niliowapa walibonyeza bonyeza majibu mpaka wakaisha wote, dakika 6, af mmoja akaniuliza sasa gemu inaanza saa ngapi.

Kwahiyo mwongozo huu unaenda na wazo moja tu, kwamba mji wenyewe ndo uwe fumbo. Upepo wake, maji yake kupwa na kujaa, sarafu zake, nyumba zake, hivo ndo vitu mchezaji apambane navyo mpaka avielewe, wala hutahitaji mzee wa kuuliza karne. Natumia Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa pwani ya kusini mwa Tanzania, kama mfano maana naijua na ina kila kitu, ila mbinu hizi unaweza kuzihamishia Gede, Lamu, Kaole, popote.

Unachohitaji: laptopu yenye RAM GB 4 (8 ndo raha), simu ya bei ndogo ya kujaribia, Godot, programu ya kutengenezea magemu ambayo ni ya bure kabisa, programu ya kuchorea kama Krita au LibreSprite, Audacity kwa sauti, na daftari. Daftari siyo utani, wiki tatu za mwanzo utaishi humo.

Hatua ya 1: chagua mwaka mmoja, siyo "zamani"

Hapa ndo wengi wanapoharibu. Ukienda Kilwa Kisiwani leo unaona vitu vya miaka zaidi ya 700 vimesimama pamoja kama majirani, na usipojua unavichora vyote kwenye gemu moja. Lile boma linaloitwa Gereza pale ufukweni lina historia ya ngome ya Wareno ya 1505 na lenyewe lilijengwa upya na Waomani karibu na mwaka 1800. Makutani, lile jumba kubwa lenye kuta ndefu, ni la karne ya 18. Ule msikiti mdogo wenye kuba, ambao kila mtu anaupiga picha, ni wa karne ya 15. Songo Mnara kule kisiwa cha jirani ilianza kukua mwishoni mwa karne ya 14. Yani ukiamua gemu yako ni 1331, vyote hivyo vinne havipo, futa.

Kwanini 1331? Kwasababu huo mwaka tuna shahidi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja kule Moroko, alipita Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akafika Kilwa, na akaandika. Sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa kwa sifa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji ya leo, inapita hapo, Msikiti Mkuu umeongezwa sehemu mpya kubwa upande wa kusini, na kule mashariki mwa mji linajengwa Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 lenye bwawa la kuogelea la pembe nane linaloangalia bahari. Kabla ya hapo mji ni mdogo, baada ya hapo unaingia kwenye misukosuko, na 1505 Francisco de Almeida anakuja na meli zake anaupora. Kuna wanaoona 1505 ndo tamu zaidi maana ina vita. Sawa, ila vita ikiingia mtoto hakumbuki kingine chochote, atakumbuka mizinga tu.

Andika mwaka wako kwa maandishi makubwa kwenye jalada la daftari. Kila ukitaka kuongeza kitu unaangalia jalada kwanza.

Hatua ya 2: mpe mchezaji kazi, usimpe ufalme

Usimfanye sultani, usimfanye askari. Sultani anaamrisha tu haoni mji, askari anaua tu haoni mji. Mpe kazi inayomlazimisha atembee. Mimi nilichagua kijana wa nyumba ya mwenyeji, yani tajiri wa mji anayepokea wafanyabiashara wageni. Ibn Battuta anaeleza utaratibu huu vizuri alipokuwa Mogadishu, kwamba mgeni akishuka na bidhaa anakuwa na mwenyeji wake na huyo mwenyeji ndo anamuuzia na kumnunulia. Kwa Kilwa hakuueleza, kwahiyo hapo nimekisia, na nimeandika kwenye gemu kwamba nimekisia (tutafika huko).

Kazi yenyewe: chombo cha mgeni kimefika na upepo wa kaskazi, kinatakiwa kiondoke na upepo wa kusi kikiwa kimejaa, na wewe ndo wa kuhakikisha. Basi. Sentensi moja. Ukiona kazi ya gemu yako inahitaji aya nzima kuielezea, irudishe jikoni.

Hatua ya 3: daftari la rangi tatu

Chukua kalamu tatu. Kijani ni jambo lenye ushahidi, iwe maandishi ya wakati huo au kitu kilichochimbwa. Njano ni makisio yenye msingi. Nyekundu umelitunga wewe. Kila kitu kitakachoingia kwenye gemu kinapata rangi, hata kikombe.

Vyanzo vikubwa vya Kilwa ni vinne hivi. Kuna simulizi ya Ibn Battuta. Kuna tarikh ya Kilwa, yani kitabu cha historia ya masultani wake, ambayo imetufikia kwa njia mbili, nakala ya Kiarabu na muhtasari alioandika Mreno João de Barros kwenye kitabu cha 1552. Kuna uchimbaji wa Neville Chittick wa miaka ya 1960, ripoti yake ilitoka 1974 na bado kila mtu anaanzia hapo hata akiwa anampinga. Na cha nne ni kisiwa chenyewe, unachukua kibali Kilwa Masoko, unavuka na boti, unatembea. Nenda kama unaweza, siku mbili tu zinatosha, na usiende kupiga picha za magofu peke yake, nenda kapime. Hatua ngapi toka ufukweni mpaka msikitini, kivuli kinaanguka wapi saa tisa, maji yakipwa mchanga unatokeza mpaka wapi.

Ukisoma vyanzo viwili lazima vitagongana na hapo ndo pazuri. Mfano, maandishi ya Ibn Battuta yanasema mji ni mzuri sana na umejengwa kwa mbao. Mbao! Na sisi tunaenda pale tunakuta mawe. Wapo wanaosema nakala zimekosewa, wapo wanaosema hakuangalia vizuri, lakini ukifikiria kidogo haina shida kubwa, kinachobaki miaka 700 ni mawe, miti na udongo na makuti vinaoza. Mji wa 1331 ulikuwa na msikiti wa mawe na nyumba kadhaa za mawe, katikati ya nyumba nyingi za miti, udongo na makuti. Gemu nyingi za pwani zinachora mawe matupu kwasababu mchoraji kaangalia magofu. We chora zote mbili, na zile za makuti ziwe nyingi zaidi.

Sasa zile rangi tatu usiziache kwenye daftari. Weka kitufe kidogo kwenye skrini, mimi nimekiita "Tumejuaje?", mchezaji akikibonyeza akiwa mbele ya kitu kinatokea kidoti cha kijani, njano au nyekundu na sentensi moja au mbili. Kwenye gemu yangu hiki ndo kitu walimu walikipenda kuliko vyote, na watoto waligeuza mchezo, wanashindana nani amepata vidoti vyekundu vingi, wananiambia kaka hapa umetudanganya. Safi kabisa.

Hatua ya 4: ramani

Chukua karatasi kubwa. Mji uko upande wa kaskazini magharibi ya kisiwa, unaangalia bara. Msikiti Mkuu uko karibu na maji. Husuni Kubwa iko peke yake mashariki, kama kilomita moja na nusu hivi ya kutembea, juu ya jabali linaloshuka baharini. Katikati weka mashamba, visima, mibuyu. Mikoko weka kwenye maji ya kina kifupi pembeni.

Usifanye ukubwa halisi. Kilomita moja na nusu kwenye skrini ya simu ni adhabu, mtoto atazima. Bana mashamba, ila usibane mji, uchochoro uwe uchochoro. Mimi nina sini (scene) tatu, bandari na mji pamoja, njia ya mashamba, na Husuni.

Kwenye nyumba za mawe kuna siri ambayo ukiijua ramani inajichora yenyewe. Paa lilishikiliwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haizidi sana mita 2 na nusu mpaka 3 kasoro, kwahiyo chumba kinaweza kuwa kirefu unavotaka lakini upana ni ule ule, mwembamba. Ukiamua kigae kimoja (tile, kipande cha kujengea ramani) cha pikseli 32 ni nusu mita, basi vyumba vyako vyote vina upana wa vigae 5, labda 6. Nlivyoweka sheria hiyo tu, nyumba zangu zikaacha kufanana na sebule za Sinza zikaanza kufanana na Kilwa. Ndani weka zidaka (vishubaka) ukutani, nje weka baraza.

Kuta ni matumbawe. Yale laini yalikatwa baharini yakiwa bado na maji maana yanachongeka kirahisi, yakikauka yanakuwa magumu, na chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la kuni. Weka tanuri la chokaa mahali, moshi unapaa. Na kuta zipake nyeupe! Mji huu ulikuwa bado mzima wakati huo jamani, Husuni ilikuwa bado inajengwa, mafundi wako juu ya jukwaa la miti, mawe yamelundikwa. Usichore ufa hata mmoja. Hili limenigharimu wiki nzima kurudia, nlikuwa nimeshachora mizizi inaning'inia kwenye kuta.

Angalizo la msikiti: hayo makuba unayoyaona leo kwa sehemu kubwa ni ya ujenzi mpya wa karne ya 15 baada ya ile sehemu ya kusini kuanguka. Kwahiyo muonekano wa paa la 1331 mpe kidoti cha njano.

Hatua ya 5: fagia vitu ambavyo havijazaliwa

Hapa utaumia. Chukua orodha ya kila kitu ulichochora, anza na chakula. Mahindi yametoka Amerika, na Amerika ilikuwa haijafikiwa na watu wa upande huu, kwahiyo ugali wa sembe hamna. Muhogo hamna. Nyanya hamna, pilipili kali hamna, papai hamna, nanasi hamna, korosho hamna, na ukiwa mtu wa Lindi au Mtwara hiyo ya korosho inauma zaidi kwasababu unaona mikorosho kila upande ukienda Kilwa, lakini ililetwa na Wareno. Sokoni kwako weka mtama, mchele, samaki, nazi, ndizi, kunde. Tumbaku hamna pia, yule mzee uliyemchora na kiko mnyang'anye.

Karafuu za Unguja zilistawishwa karne ya 19, kwahiyo usiweke mashamba ya karafuu. Kanga nayo ni ya karne ya 19. Mlango mkubwa wa nakshi na misumari ya shaba unaouona Mji Mkongwe nao ni wa baadaye sana. Nlikuwa nimenunua picha za mlango huo mtandaoni kwa hela yangu, nikazitoa.

Vyombo vya bahari, mtepe ndo mwenyewe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, tanga la mkeka. Boti ya injini ya nje niliiona kwenye gemu ya mtu mmoja, sitasema nani.

Lugha nayo ifagiwe, hili watu hawalifikirii kabisa. Meza, leso, bendera, karata, kasha, mvinyo, gereza, maneno yote haya tumeyapata kwa Wareno, kwahiyo mtu wa 1331 hawezi kukwambia weka mzigo juu ya meza. Nlivyokagua mazungumzo yangu nilikuta "meza" mara 9. Nahodha na bandari ni maneno ya asili ya Kiajemi, hayo acha. Sikwambii uandike Kiswahili cha karne ya 14, hakuna mtoto atakielewa na ushahidi wake ni mdogo, andika Kiswahili cha kawaida kilichotulia, bwana, bi, mwanangu, hodi, ila bila misemo ya mtaani ya leo na bila maneno yaliyokuja na meli za baadaye.

Hatua ya 6: geuza mji uwe sheria za mchezo

Hapa ndo roho ya gemu yote, soma taratibu.

Upepo. Kaskazi inavuma toka kama Desemba mpaka Machi, inaleta vyombo toka Uarabuni na India. Kusi inaingia toka Aprili hivi mpaka Septemba, inavirudisha. Sasa Kilwa imepata utajiri wake hapo, maana ndo karibu mwisho wa safari ambayo chombo cha Uarabuni kinaweza kwenda na kurudi ndani ya msimu mmoja, ukitaka kuendelea mpaka Sofala utachelewa upepo wa kurudia utakaa mwaka mzima. Kwahiyo dhahabu ya nyanda za Zimbabwe inashuka Sofala, vyombo vya Kilwa vinaileta, mgeni anaikuta Kilwa. Kwenye gemu weka duara juu ya skrini linaloonyesha majira, kila siku ya gemu ni dakika moja na nusu hivi, msimu mzima siku 20. Na mwache mchezaji ajaribu kumpeleka mgeni Sofala mwenyewe! Usimzuie. Kusi inampita, gemu inamwambia chombo kimebaki mpaka mwakani, mgeni kakasirika, anza upya. Mtoto akishindwa hivyo mara moja ameelewa kitu ambacho kitabu kinatumia kurasa tatu, na ameelewa kwa hasira, hasahau.

Maji. Kupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yani siku za maji makubwa, tofauti ya maji pwani yetu inazidi mita 3. Maji yakijaa chombo kinasogea karibu unapakia haraka, yakipwa kinakaa mchangani, unaweza kukagua kamba za chini lakini huwezi kuondoka. Fanya bamvua na maji mafu (yale madogo) vipishane kila baada ya siku kadhaa. Hii nilipata tabu kuieleza kwa watoto wa Dodoma, wa Kilwa wenyewe walinirekebisha.

Sarafu. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba, ndogo ndogo, upande mmoja jina la sultani upande wa pili maneno ya kumtaja Mungu, na pande hizo mbili zina kina, yani zinaimbiana kama shairi. Fikiria, hela yenye vina! Fumbo limejileta lenyewe: mchezaji ana sarafu zilizochakaa upande mmoja, anatafuta upande wa pili kwa kusikiliza mwisho wa maneno. Weka sauti, msomaji mzuri wa Kiarabu arekodi. Hazina tarehe na masultani walirudia majina, ndo maana hata wataalamu wanabishana sarafu fulani ni ya Ali yupi. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Great Zimbabwe, na nyingine tano za Kilwa ziliokotwa 1944 visiwa vya Wessel kaskazini ya Australia, zilifikaje huko hakuna aliyethibitisha. Hiyo ya Australia nimeiweka mwishoni kama zawadi.

Bidhaa. Toka bara: dhahabu, pembe za ndovu. Toka ng'ambo: nguo za India, shanga, vyombo vya udongo vya Uajemi, mabakuli ya kijani ya China. Kilwa kwenyewe walisokota pamba, vile vigurudumu vya kusokotea vimechimbwa vingi. Usiweke bei zenye namba kamili, bei halisi hatunazo, tumia kubadilishana kwa mizani.

Hatua ya 7: jambo zito

Utafika mahali utataka kuliruka. Ibn Battuta anasifu ukarimu wa sultani kwa kisa kimoja, fakiri wa Yemen alimwomba nguo alizovaa, sultani akaingia ndani akazivua akampa. Mtoto wa sultani akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi. Watu walivyosifu, sultani akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Na humo humo anaeleza kwamba huyu sultani alikuwa anafanya mashambulizi bara na kurudi na ngawira.

Magemu mengi ya shule yanachukua nusu ya kwanza ya kisa, nguo, yanaacha nusu ya pili. Mi nilikiweka chote. Sikuweka damu, sikuweka minyororo ya kubonyeza, na kamwe usimfanye mchezaji anunue watu kama bidhaa kwenye orodha, hilo ni kosa ambalo hutasamehewa na ni haki. Nilichofanya ni hivi: mchezaji anasikia kisa mara mbili, mara ya kwanza barazani, kila mtu anasifu. Mara ya pili kutoka kwa mmoja wa wale kumi, anayeteka maji kisimani, anakwambia siku ile yeye alisimama wapi. Huyo ana kidoti chekundu maana jina na maneno nimemtungia, wale kumi ni kijani. Mwambie mwalimu mapema sehemu hii ipo ili asishtukie darasani.

Hatua ya 8: jaribu bila kompyuta, af na Twine

Kabla ya Godot, cheza kwenye karatasi. Ramani mezani, kete ya mchezaji, kadi za bidhaa, wewe ndo upepo. Watoto watatu, saa moja. Mimi niligundua siku 40 za msimu ni nyingi mno, walianza kupigana mieleka siku ya 25. Kisha andika mazungumzo kwenye Twine, programu ya bure, inatoa faili moja la HTML unalolituma WhatsApp watu wanasoma kwenye simu na kukwambia wapi wamechoka.

Hatua ya 9: Godot

Fungua projekti mpya, kwenye renderer (njia ya kuchora picha kwenye skrini) chagua Compatibility, siyo zile nyingine, simu za bei ndogo zitakushukuru. Skrini weka 640 kwa 360, stretch mode canvas_items, na texture filter weka Nearest ili picha za pikseli zisiwe na ukungu.

Ramani tumia TileMapLayer tatu, ardhi, kuta, mapaa. Kila nyumba ipe Area2D, mchezaji akiingia paa la nyumba hiyo linafifia, akitoka linarudi. Mchezaji ni CharacterBody2D. Majira na maji viweke kwenye skripti moja ya autoload (inayobaki hai kwenye sini zote), kila kitu kingine kiisikilize hiyo kwa signal, usiweke saa kumi tofauti kila sini na saa yake, nlifanya hivyo nikawa na bandari iko Machi na Husuni iko Juni. Maneno yote weka kwenye faili la CSV la tafsiri tangu siku ya kwanza hata kama lugha ni moja, maana kurekebisha "meza" 9 kwenye CSV ni dakika mbili. Na vidoti vya "Tumejuaje?" viweke humo humo, mstari mmoja maelezo, mstari mmoja rangi.

Sauti: mawimbi, adhana, nyundo za mafundi, kunguru usimweke, yule kunguru mweusi wa mjini aliletwa baadaye.

Kutoa kwenda Android unahitaji JDK 17 na Android SDK, na washa ETC2 ASTC kwenye mipangilio ya projekti, bila hiyo itagoma. Weka arm64-v8a pamoja na armeabi-v7a, simu nyingi za wazazi bado ni za biti 32. Gemu ifanye kazi bila intaneti kabisa. Jaribu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka juani saa saba mchana, kama maandishi hayasomeki ongeza ukubwa.

Hatua ya 10: kupima kama wamejifunza, na kuisambaza

Usiweke maswali mwishoni. Mpe mtoto karatasi, mwambie achore mji na aeleze kwa rafiki yake kwanini mgeni hakwenda Sofala. Ukisikia neno upepo, umefanikiwa. Ukisikia "kwasababu gemu ilikataa", rudi hatua ya 6.

Play Store ni dola 25 mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi inadai wajaribuji 12 kwa siku 14 mfululizo kabla hujaruhusiwa kutoa kwa umma, kwahiyo kusanya watu mapema, na wawe wanaifungua kweli. Shuleni APK (faili la kusakinisha gemu) kwa memori kadi ndo inafika haraka, mwalimu mmoja anagawa darasa zima bila bando.

Na ule ufunguo wa kusainia, keystore, nakili sehemu mbili, moja nje ya laptopu, na nywila yake iandike kwenye lile daftari la rangi tatu. Laptopu yangu iliibiwa kwenye daladala na ufunguo ukaenda nayo, ikabidi kila aliyekuwa na APK yangu aifute kabisa ndo aweke mpya, wakapoteza walipokuwa wamefikia, na kuna dogo mmoja alikuwa amebakiza sarafu moja tu.